Koltani ya Kivu: jiwe linaweza kusema limetoka wapi, ila halijui mpaka

Kila habari ya madini inaposomwa redioni hapa Bukavu, barazani huzuka swali lile lile: hao wa Ulaya wanajuaje kwamba koltani hii ni ya Kongo, wala si ya Rwanda? Mmoja atasema wana mashine inayosoma jiwe. Mwingine atasema hakuna mashine yoyote, ni karatasi na mihuri tu. Wote wawili wameshika upande mmoja wa ukweli. Mashine ipo, na inasoma mambo makubwa ndani ya punje isiyofikia ukubwa wa ulezi. Lakini lile hasa ambalo watu wa barazani wanalitaka, yaani punje hii ilitoka upande gani wa Ruzizi, mto ulio mpakani mwa Kongo na Rwanda, ndilo linaloitesa zaidi.

Kuelewa kwa nini, hatuna budi kupitia kwanza kwenye kazi ya kupima umri wa mawe. Kutafuta asili ya jiwe ni mtoto wa kazi hiyo.

Tuanze na urani. Atomi zake hazidumu. Kila moja, kwa wakati wake usiotabirika, huanza kuvunjika hatua kwa hatua mpaka inakuwa madini ya risasi, na hapo hutulia. Atomi moja huwezi kuitabiria, lakini ukizikusanya mamilioni mwendo wao ni mmoja, na haubadilishwi na moto, shinikizo wala maji. Urani ya ardhini ni ya aina mbili hasa, zinazotajwa kwa namba ya uzito wa atomi zake. Ile ya 238 huenda polepole: nusu yake huisha kwa miaka milioni 4,470, ikawa risasi-206. Ile ya 235 ina haraka: nusu yake huisha kwa miaka milioni 704, ikawa risasi-207.

Sasa koltani yenyewe. Hayo ni madini meusi, mazito, ya kolumbiti na tantaliti, yenye metali za niobi na tantali ndani yake. Huganda kutoka kwenye majimaji ya mwisho ya itale (graniti) iliyoyeyuka chini sana ardhini, yale yanayopenya kwenye nyufa na kuacha mishipa ya jiwe jeupe lenye mika kubwa kubwa, ambayo wanajiolojia huiita pegmatiti. Wachimbaji wa Masisi, Kalehe, Mwenga na Shabunda wanaijua mishipa hiyo kwa macho kuliko profesa yeyote. Koltani inapoganda hunasa urani kidogo, lakini risasi haina nafasi nzuri katika mpangilio wake, kwa hiyo karibu yote hubaki nje. Matokeo yake ni kwamba risasi inayokutwa humo leo, karibu yote imezaliwa humo humo.

Koltani iliyopimwa katika ukanda wetu huu ina umri wa takriban miaka milioni 930 hadi 985. Chukua jiwe la milioni 970. Kati ya kila atomi 100 za urani-238 zilizonaswa siku ile, 14 hivi zimekwisha kuwa risasi. Kati ya atomi 100 za urani-235, zilizokwisha geuka ni karibu 62. Hizo ni saa mbili ndani ya punje moja, kila moja na mwendo wake, na zote lazima zitaje umri uleule. Zikipatana, mpimaji anapumua. Zikipishana, anajua kuna lililolipata jiwe baada ya kuzaliwa: lilipashwa moto upya, au maji yalipita yakachukua sehemu ya risasi. George Wetherill, Mmarekani, alionyesha mwaka 1956 jinsi ya kuchora saa hizo mbili kwenye mchoro mmoja, na mchoro huo unatumika mpaka leo. Kwa maoni yangu, huo ndio uzuri wa njia hii ya urani: inajikagua yenyewe, na ikidanganya mara nyingi inajisema.

Aliyeifanya kazi hii iwe kazi ya maisha, na ambaye nyayo zake zinapita karibu na kwetu kuliko watu wanavyofikiri, ni Mwingereza Arthur Holmes. Alizaliwa mwaka 1890. Alipokuwa mwanafunzi London, mabishano juu ya umri wa dunia yalikuwa bado ya moto. Lord Kelvin, mwanafizikia mkubwa wa zama zile, alikuwa ametaja mwaka 1897 miaka milioni 20 hadi 40, akihesabu jinsi dunia inavyopoa. Holmes akachukua mawe ya Norway, akapima urani na risasi kwa kemia ya mikono, akapata miaka milioni 370. Jiwe moja tu, tena si la kale sana, lilikuwa limempita Kelvin karibu mara kumi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21.

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa Msumbiji. Alikuwa mwanafunzi maskini, akakubali kwenda kutafuta madini kwa mshahara wa kampuni. Madini ya maana hayakupatikana. Malaria ilipatikana, nayo ilikaribia kumuua. Lakini huko ndiko alikoyaona kwa mara ya kwanza mawe ya kale ya Afrika, yale yasiyo na mabaki ya konokono wala jani ambayo mwanajiolojia wa Ulaya alizoea kuyatumia kupanga umri. Mwamba wetu mwingi ni wa namna hiyo. Bila saa ya urani, sehemu kubwa ya historia ya ardhi ya Afrika isingekuwa na tarehe kabisa, ingebaki kitu kimoja kirefu kinachoitwa "zamani sana".

Mwaka 1913 alitoa kitabu kuhusu umri wa dunia, tayari akitaja mawe ya miaka milioni 1,600. Baadaye alikwenda Burma kutafuta mafuta na kampuni ikafilisika. Akarudi, akafundisha Durham, kisha Edinburgh. Mwaka 1937, pamoja na H. F. Harwood, alichapisha utafiti mkubwa juu ya lava za Bufumbira. Bufumbira ni ule upande wa Uganda wa volkeno zetu za Virunga. Sampuli nyingi za kazi hiyo zilitoka mikononi mwa A. D. Combe, mjiolojia wa serikali ya Uganda. Jina la Combe leo limo katika combeiti, madini yaliyogunduliwa katika lava za Shaheru, kilima kilichoegemea Nyiragongo. Mwaka 1957, karibu na mwisho wa kazi yake, Holmes alitoa orodha ya umri wa mawe ya Afrika akishirikiana na Lucien Cahen, Mbelgiji aliyeyajua mawe ya Kongo kuliko karibu mtu yeyote wa wakati ule na aliyeongoza makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, kuanzia 1958 hadi 1977. Humo mlikuwa na urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliyowapa zaidi ya miaka milioni 600. Maabara za leo, zenye vifaa ambavyo wazee hao hawakuviota, zimekuta Shinkolobwe vipindi viwili: karibu milioni 650 na karibu milioni 530. Wazee walikuwa wamekaribia, ila namba yao moja haikuonyesha matukio mawili.

Hapo ndipo penye fundo la mambo yote haya. Mtu akiuliza "jiwe hili lina miaka mingapi?", jibu la haki ni kumuuliza: unataka tarehe ya tukio gani?

Itale moja inaweza kubeba tarehe nne. Zirkoni zake, punje ngumu zinazostahimili moto mkali sana, zinataja siku itale ilipoganda. Baadhi ya zirkoni ni za kurithi: zilikuwa kwenye mwamba wa kale ulioyeyuka kuizaa itale hiyo, na kiini cha punje bado kinataja umri wa mwamba ule. Mika ya rangi nyeusi ina saa nyingine, ya potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya argoni. Gesi hiyo inafanana na mvuke wa sufuria ya maharagwe: jiko likiwa kali inatoroka yote, jiwe likipoa chini ya nyuzi 300 hivi kifuniko kinatulia na gesi inaanza kukusanyika. Kwa hiyo mika inataja siku ya kupoa, ambayo inaweza kuchelewa sana baada ya kuganda. Na mishipa ya dhahabu au ya bati iliyopita baadaye ina tarehe yake.

Itale za kwetu zimewahi kuwachanganya wataalamu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa miaka mingi ziligawanywa katika vizazi kadhaa, zikidhaniwa kuingia ardhini kwa awamu, kila awamu ikitenganishwa na nyingine kwa miaka mamilioni mengi. Tarehe nyingi zilitoka kwenye saa ya rubidi inayogeuka kuwa strontiamu, ambayo huvurugika kirahisi mwamba unapopashwa moto. Zirkoni zilipopimwa punje kwa punje, na matokeo kukusanywa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, picha ikawa nyepesi: tukio kubwa moja karibu miaka milioni 1,375 iliyopita, lililotoa itale nyingi kwa mara moja, kisha ukimya mrefu, kisha itale za bati karibu milioni 986. Hizi za mwisho ndizo mama wa kasiteriti (madini ya bati), koltani na wolframu vya Kivu. Vizazi vya katikati vikafutika. Napenda kisa hiki kuliko visa vya ugunduzi mkubwa, maana kinaonyesha kazi yenyewe ilivyo: nusu yake ni kufuta tarehe za watu waliokutangulia, bila kuwadharau.

Lava ni habari nyingine, nitaipitia haraka. Lava za Bukavu nyingi zimemwagika miaka milioni kadhaa iliyopita, na mvua imekuwa na muda wa kutosha kuzigeuza kuwa udongo mwekundu mzito. Ndio huo unaoporomoka Funu na kubomoa nyumba. Goma wanajenga juu ya jiwe jeusi ambalo halijapata hata muda wa kuota majani, lile la 1977, la 2002 na la 2021. Saa ya argoni inafaa Bukavu. Goma haifai: gesi bado haijakusanyika, na wakati mwingine lava hupanda na argoni ya kale kutoka chini, ikajifanya ya zamani ilhali wazee waliiona ikishuka. Kwa lava kama hizo mtu hutafuta makaa ya mti uliochomwa chini yake, apime kaboni-14, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 5,730. Hata hapo pana mtego. Mmea ulioota kwenye mazuku, yale mabonde yanayojaa gesi nzito itokayo ardhini, hupumua hewa ya volkeno, isiyo na kaboni-14, na makaa yake yataonekana ya zamani kuliko yalivyo.

Turudi kwenye mfuko wa koltani.

Wazo la kutumia umri kutafuta asili halikuanza na koltani. Lilianza na mchanga. Mto unaposaga milima, zirkoni husafiri mpaka zinapotulia, na kila moja inabeba umri wa mlima ilikotoka. Ukipima zirkoni nyingi kutoka katika jiwe la mchanga, unapata orodha ya milima iliyolilisha, hata kama milima yenyewe imekwisha. Katika miamba ya chini ya Katanga yenye shaba, zirkoni nyingi zina umri wa karibu miaka milioni 1,900 hadi 2,000, ndipo wataalamu wakaelekeza macho kwenye mwamba wa kale wa Bangweulu, upande wa Zambia. Mpimaji hulinganisha tarehe na sehemu zinazojulikana. Pasipo sehemu zinazojulikana, tarehe ni namba tu.

Taasisi ya serikali ya Ujerumani ya sayansi za ardhi, BGR, yenye makao Hannover, ilichukua wazo hilo kuanzia mwaka 2006 na kuligeuza kuwa njia ya kuchunguza koltani. Kiasi kidogo cha madini huchukuliwa kutoka kwenye mfuko, punje zake zikamiminiwa gundi ngumu na kusuguliwa mpaka zing'ae kama kioo. Hadubini ya elektroni huhesabu ni madini gani yamo na kwa kiasi gani. Kisha leza huchoma vitobo vidogo kwenye punje moja baada ya nyingine, na vumbi lake hupeperushwa na gesi kuingia kwenye mashine inayotenganisha atomi kwa uzito. Inatoka na mambo mawili: umri wa kila punje, na orodha ya vitu vilivyomo kwa uchache, kama titani, zirkoniamu, hafni, bati, wolframu na zile metali ziitwazo ardhi adimu. Orodha hiyo inalinganishwa na hazina ya sampuli zilizokusanywa migodini.

Umri peke yake unafanya kazi kubwa kwa haraka. Koltani ya Msumbiji na ya Ethiopia ni changa, ya takriban miaka milioni 450 hadi 550. Urani-238 iliyogeuka humo ni asilimia 7 au 8, nusu ya ile ya kwetu. Ya Ghana ina zaidi ya milioni 2,000. Ya Greenbushes, Australia, ina zaidi ya milioni 2,500, na karibu theluthi ya urani-238 yake imekwisha kuwa risasi. Kwa hiyo mtu akileta mzigo akasema ni wa Msumbiji, na punje zikataja milioni 970, hapana haja ya kubishana naye. Amesema uongo, au amedanganywa. Na kwa kuwa kila punje hupimwa peke yake, mzigo uliochanganywa hujifichua: punje za milioni 970 na punje za milioni 480 hazikukutana ardhini, zimekutana kwenye depo, ghala la wanunuzi.

Lakini mzigo unaosemwa ni wa Rwanda, je? Hapa mashine inaanza kukuna kichwa. Itale za bati za milioni 986 hazikuishia Kivu. Ukanda huo ni mmoja, unapita Kivu, Rwanda na Burundi, ukagusa Uganda na Tanzania. Pegmatiti za Masisi na za Gatumba, Rwanda, zilizaliwa katika kipindi kimoja, kutokana na sababu moja. Mpaka wetu ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza, wakiwa na ramani mezani. Kwa jiwe, miaka mia na ushee ni kitu kisichopimika. Makosa ya kipimo peke yake ni miaka mamilioni.

Inabaki ile orodha ya vitu vidogo. Kila mshipa wa pegmatiti ulipoa kwa namna yake: mmoja ulipata tantali zaidi ya niobi, mwingine ulijaa bati, mwingine una hafni nyingi. Hivyo mgodi unaweza kutofautiana na jirani yake hata kama ni wa umri mmoja. Ugumu ni kwamba mshipa huo huo pia hautulii. Ukianza pembeni na kwenda katikati, tantali inapanda na niobi inashuka. Mgodi mmoja mkubwa unaweza kutoa koltani za aina kadhaa, na migodi miwili iliyotengana inaweza kutoa aina zinazofanana. Kwa hiyo jibu la maabara halitoki kama "ndiyo, ni ya Rubaya", yaani ile migodi ya Masisi. Linatoka kwa lugha ya uwezekano: sampuli hii inafanana na za mgodi uliotajwa, au haifanani. Ukimpa mtaalamu madai mahususi, kwamba mfuko huu umetoka shimo fulani, anaweza kuyakanusha kwa nguvu. Ukimpa mfuko usio na madai yoyote na kumwambia ataje shimo, atakutajia ukanda, na baada ya hapo kila neno analisema kwa tahadhari.

Tena kuna mahali ambapo ushahidi wote hufa: tanuru na matangi ya asidi. Kiwandani koltani huyeyushwa ili tantali itolewe. Urani huenda upande wake, risasi upande wake, na saa inavunjika milele. Tantali iliyomo ndani ya simu yako haina umri wala kwao. Uchunguzi wa aina hii unawezekana tu kabla ya kiwanda, kati ya shimo na meli, na ndiyo sababu zile etiketi za plastiki zilizoanza kufungwa kwenye mifuko mwanzoni mwa miaka ya 2010 bado zina kazi. Aliyesema barazani kwamba ni karatasi tu hakukosea sana: karatasi ndiyo inayosafiri na mfuko, na maabara ni ya kumkagua mwandishi wa karatasi. Etiketi bila maabara huuzwa, kila mtu hapa anajua. Maabara bila etiketi haina dai la kulipima.

Kasiteriti ya Nyabibwe inapimika pia, kwa taabu zaidi, kwa kuwa mara nyingi ina urani kidogo mno na risasi ya kurithi inayovuruga hesabu. Dhahabu ya Kamituga ndiyo mbaya kuliko zote: haina urani ya kutosha kupimwa umri, hubebeka mfukoni, na huyeyushwa karibu kabisa na shimo, pamoja na ya shimo jingine. Kwa maneno mengine, madini yanayotoroshwa kirahisi zaidi ndiyo yanayosema machache zaidi.

Kuna jambo moja katika haya linaloniudhi, na si la kifizikia. Hazina ya kulinganishia ina nguvu kulingana na sampuli zake, na sampuli nzuri ni ile iliyochukuliwa shimoni, siyo kununuliwa depo. Iliyoandikwa shimo gani, kina gani, upande gani wa mshipa. Tangu siku za Combe mwendo ni mmoja: jiwe linaondoka kwenye kifurushi, namba inazaliwa Ulaya. Chuo Kikuu cha Bukavu kina idara ya jiolojia, Lwiro kuna kituo cha utafiti kilichoanza enzi za Wabelgiji, na vijana wanaojua kusoma mshipa wa pegmatiti hawakosekani. Mashine ya leza ni ghali na inataka umeme usiokatika, sawa. Lakini kuchukua sampuli kwa utaratibu kunataka nyundo, mifuko safi, kalamu isiyofutika, simu yenye ramani, na mchimbaji aliye tayari kukushusha chini na kukuonyesha mahali mshipa unapogeuka kutoka kwenye mika kuingia kwenye albiti, lile jiwe jeupe, maana hapo ndipo koltani yenye tantali nyingi huanza, na punje ya hapo ikichanganywa kwenye mfuko mmoja na ya pembeni, hakuna mashine ya Hannover itakayoweza kuzirudisha mahali pake.